Usipojibu Ndani ya Siku Saba

Jumatatu, 6 Mei

Daftari hili lilikuwa la dirishani. Kurasa sitini na moja za mwanzo zina majina ya wazazi, sababu ya kuja kwao, na muhuri wangu. Leo Mwalimu Mkuu amesema litupwe. Nimelitia mkobani mbele ya macho yake, na nitaliandika mpaka liishe, tena nitaandika ninachotaka mimi.

Mimi ni karani wa shule hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ofisi yangu imepakana na lango, na ukutani kuna kidirisha chenye mlango wa mbao na kibao ambacho viwiko vya wazazi vimekilainisha. Mzazi akija, namsomea barua ya mwalimu, kisha namwambia, "Nirudishie." Anarudia kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, nasoma tena. Akipatia, nagonga muhuri. Watu huniita Mama Dirisha, na wapo waliosoma hapa, wakaoa, wakaleta watoto wao, na hawajui kama nina jina jingine.

Sasa Mkuu, aliyeletwa kwetu Januari, ametuletea programu ya simu. Barua, alama, mahudhurio, mikutano, vyote mzazi atavipata kiganjani. Alisimama mbele ya walimu akasema, "Mawasiliano yetu na wazazi ni asilimia thelathini na nane. Mwisho wa muhula nataka tisini na tano." Kimoyomoyo namwita Bwana Asilimia. Kisha akaja seremala na misumari minne, akalipigilia dirisha langu nami nimekaa ndani. Kila nyundo ilipotua, chai yangu iliruka kikombeni.

Nikamuuliza, "Na asiyejua kusoma?"

"Atasomewa na mtoto wake, mama." Alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Wazazi wanne wamegonga mbao kutoka nje. Nimewajibu kupitia kwenye ufa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeletewa mwalimu wa kompyuta, meza yake imegusana na yangu. Ni binti mwenye miwani minene, anatafuna karanga kutwa nzima na maganda anayaweka kwenye kisahani changu. Nimempa jina la Miwani. Salamu yake ya kwanza: "Mama usiogope, ni rahisi sana." Nani kamwambia naogopa? Mimi nilikuwa napiga taipu kabla mama yake hajavunja ungo.

Kazi tuliyopewa ni hii: kila mwanafunzi apeleke fomu nyumbani, mzazi aandike namba yake ya simu, mimi niziingize kwenye mfumo. Wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Mwisho Jumatatu.

Nilimweleza mume wangu nyumbani, akacheka mpaka kile kioo chake cha jichoni kikaanguka. Yeye ni fundi saa. "Mke wangu, simu zimeniua miaka mingapi sasa? Karibu kwenye kundi." Nikamwambia mimi sitauawa kimya kimya kama yeye. Akaokota kioo chake, akaendelea kuchokoa saa ya mtu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeingiza namba tangu asubuhi. Kufika fomu ya thelathini nikaanza kuwa na wasiwasi. Miaka yote hii nimeona mikono ya watu hawa. Najua nani ana mwandiko wa kulala, nani anakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, nani anaweka dole gumba. Leo ghafla kila mzazi ana mwandiko wa mtoto wa shule, na fundi bomba, ambaye hajawahi kushika kalamu mbele yangu, ana sahihi yenye ua pembeni.

Fomu wamejaza watoto. Namba ni zao, au ni za simu kuukuu zilizokuwa kabatini nyumbani.

Nilijua. Kutoka kitini kwangu hadi mlango wa Mkuu ni hatua kumi na mbili. Sikunyanyuka. Nilisema moyoni, dirisha kalifunga mwenyewe, acha aone. Nikaziingiza zote bila kukosea tarakimu hata moja.

Fomu ya darasa la mwisho niliyoiamini ni moja tu, ya msichana ambaye wenzake humwita Rula, kwa kuwa huandika kwenye karatasi tupu na mistari haipindi. Mama yake ni mfua nguo wa hospitali. Chini ya namba msichana ameandika: "Mama ana simu ya vitufe, haipokei programu. Anaomba mumpigie." Mfumo hauna mahali pa kuweka maneno hayo. Nimeingiza namba.

Ijumaa, 17 Mei

Asilimia sitini na moja.

Jumatatu, 20 Mei

Asilimia themanini na nne. Mkuu anapiga mluzi kwenye ukumbi wa ofisi. Wazazi wamekuwa na adabu ya ajabu: "Asante mwalimu, nitamkanya." "Pole kwa kazi, mwalimu." Mmoja kaambiwa mwanawe ni mtoro, kajibu, "Mwanangu ni mtoto mzuri sana, mmemsingizia." Nilicheka peke yangu mpaka Miwani akanitazama.

Alhamisi, 23 Mei

Lazima niandike na hili, maana sijaanza daftari ili nijidanganye. Kuna baba mmoja, dereva wa lori, hukaa barabarani wiki tatu. Yeye alijiandikisha mwenyewe, kwa mkono wake. Leo ametuma sauti kwa mwalimu wa darasa, Miwani akanisikilizisha. Anauliza kama binti yake bado ana kigugumizi anaposoma mbele ya wenzake, na sauti yake inakatika kwa kilio. Kwa miaka minne baba yule hakufika dirishani kwangu hata mara moja, na mimi nilikuwa nimemwandika kwenye kundi la wasiojali. Imeniuma.

Jumatano, 29 Mei

Mvua. Mtandao umekatika, wote tumekaa kama mizigo.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua kubwa tangu alfajiri, bati linapiga kelele mpaka tunaongea kwa kupayuka. Saa mbili Mkuu aliingia na majina kumi ya darasa la mwisho. Hawa, kasema, ama alama zao ni hafifu ama wamekosa siku nyingi. Wakifanya mtihani mwaka huu watatushusha. Warudie mwaka. Kanuni inataka mzazi akubali, basi Miwani awatumie ujumbe. Niliusoma kwenye kioo chake:

"Shule inapendekeza mwanao arudie darasa. Jibu NDIYO au HAPANA. Usipojibu ndani ya siku saba, utahesabiwa umekubali."

Miwani akasema taratibu, "Mwalimu, hilo la kutojibu tungeliondoa."

"Tukisubiri kila mtu ajibu, hatufiki popote. Tuma."

Jina la saba ni Rula. Kwa alama ni wa tatu darasani. Kosa lake ni siku thelathini na moja alizokosa muhula uliopita, mama yake alipoungua mkono kazini. Kesho nampitia huyo mama.

Jumanne, 4 Juni

Homa. Mume wangu ameficha viatu vyangu.

Ijumaa, 7 Juni

Bado homa, na namba ya mama Rula iko ofisini. Nimehesabu kwa vidole: siku saba zinaisha Jumatatu jioni. Nitawahi.

Jumatatu, 10 Juni

Sikuwahi. Mfumo hauhesabu siku kama sisi, unahesabu saa. Ulifunga saa mbili kamili asubuhi, nami nikiwa ndiyo kwanza nakung'uta mwavuli mlangoni.

Mkuu aliniagiza nichape majibu. Tisa wamesema HAPANA. Mmoja ana tiki ya kijani na maneno "Amekubali, bila jibu". Huyo ni mama Rula.

Nikapitia yale majibu tisa. Katika wale waliosema HAPANA yumo baba mmoja ambaye mimi mwenyewe nilipokea taarifa ya msiba wake pale dirishani, mwaka juzi, na mkewe alilia juu ya kibao kile kile. Marehemu amejibu ndani ya dakika nne, kwa herufi kubwa.

Ikanijia yote kwa mpigo. Watoto tisa waliodanganya kwenye fomu wamejisemea wenyewe na wamepona. Mmoja aliyeandika ukweli hakuwa na wa kumsemea. Na aliyejua tangu tarehe kumi na tatu Mei ni mimi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda hospitali, upande wa nyuma, wanakofulia. Chumba kina mvuke hadi huoni dari, na mashuka yanaletwa kwenye vikapu vya magurudumu, ya wodini upande huu, ya chumba cha upasuaji upande ule. Mama Rula alikuwa anakunja. Mkono wake wa kulia una kovu linalong'aa, kutoka vidoleni hadi kiwikoni.

"Mama Dirisha! Kuna nini, mtoto kaumia?"

"Hajaumia. Simu yako iko wapi?"

Aliitoa mfuko wa aproni, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. "Hii hapa. Haijalia."

"Haikupata ujumbe?"

"Wiki iliyopita kiliingia kitu, vialama vitupu. Nikajua ni wale wa matangazo."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu, bila mimi kumwambia, akanirudishia. "Umesema mwanangu arudie mwaka kwa sababu sikujibu. Na sikujibu kwa sababu sikuulizwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akalichukua shuka, akalikunja mara nne, akalipiga kwa kiganja. "Siku zile thelathini na moja alikuwa ananilisha kwa kijiko. Kama lazima mtu arudishwe, wanirudishe mimi, yeye aende mbele."

Nikamwambia na lile la fomu, kwamba nilijua na nikanyamaza kwa hasira zangu za dirisha. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akachukua shuka jingine, mvuke unapita katikati yetu.

"Mimi sina la kukufanya," akasema. "Ila usinyamaze tena."

Jumatano, 12 Juni

Nimempeleka kwa Mkuu. Mkono wake hauwezi kalamu, kwa hiyo nimemwandikia barua, akatia dole gumba. Mkuu alimpa kiti, akamwagizia maji, akamsikiliza. Kisha akasema mfumo umeshafunga, na kwamba akipokea karatasi moja itabidi apokee mia nne. "Mama, tumetoka huko. Orodha ya watahiniwa inaondoka tarehe ishirini na nane. Rula ni mtoto mwenye akili, mwaka mmoja si mwisho wa dunia."

"Kwako," mama Rula akasema.

Jina la marehemu lilinifika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Nikilitaja, mtoto wake anaadhibiwa, na wale wanane nyuma yake. Nitamtoa mmoja shimoni kwa kusukuma tisa? Angekuwa Mkuu mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Si mbaya. Anaamini tu kwamba kijani ni jibu.

Ijumaa, 14 Juni

Leo Miwani alifunga mlango wa ofisi, akanigeuzia kioo chake. "Mama, nikuonyeshe kitu. Majibu ya wazazi karibu yote yanaingia saa nne na dakika kumi."

"Mapumziko," nikasema.

"Mapumziko." Akavua miwani, akaipangusa kwa kanga iliyokuwa mabegani. "Nimegundua wiki mbili zilizopita. Nimeogopa kusema. Niko kwenye majaribio, kazi bado si yangu."

Nikamwambia mimi nimejua wiki tano na kazi ni yangu. Tukala karanga, wajinga wawili.

Kumbe ndiyo sababu watoto wamekuwa wakiyakumbatia mabegi kama vichanga, na wanakwenda chooni kwa makundi. Simu zimekatazwa shuleni, lakini mzazi gani atajibu saa nne kama hana simu mfukoni?

Tumeongea hadi kengele ya kutoka. Tarehe ishirini na sita kuna mkutano wa wazazi, Afisa Elimu atakuwepo kuona programu, na Mkuu anataka kutuma ujumbe mbele yake. Miwani anasema kuna ujumbe wa kawaida na ujumbe wa dharura, na huo wa dharura unalia hata simu ikiwa imenyamazishwa. Ukilia kwa wote, hakuna atakayeonyeshwa kidole peke yake.

"Lakini mama, wazazi wenyewe watajuaje kama kuna mkutano? Taarifa inapita kwenye programu."

Nikaliangalia dirisha langu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekuja na koleo la mume wangu. Nimeng'oa msumari wa kwanza. Hakuniuliza linakwenda wapi, alilipaka mafuta tu.

Jumanne, 18 Juni

Mvua. Msumari wa pili.

Jumatano, 19 Juni

Wa tatu, wenye kutu, umenichana kidole. Mkuu kapita, kaona damu, kaniuliza kama nimejikata na karatasi. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 20 Juni

Wa nne.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefungua dirisha saa moja kasoro robo. Mama wa kwanza alisimama akanitazama kama aliyeona mtu aliyekwishamzika. Nikamwambia, "Jumatano ijayo, saa tatu, ukumbini, wewe mwenyewe, si mtoto. Nirudishie."

"Jumatano, saa tatu, mimi mwenyewe."

"Mpitie jirani yako umwambie, naye akurudishie." Kufikia saa nne nilikuwa nimesema maneno hayo mara arobaini.

Jumatatu, 24 Juni

Mkuu amenipa barua, kwa mkono wake, bila kelele. Nimekaidi agizo la ofisi. Nahamishiwa stoo ya vitabu, nikahesabu madawati mabovu na kufukuza panya. Mstari wa mwisho: "Usipojibu ndani ya siku saba, utahesabiwa umekubali."

Nimeiweka ndani ya daftari hili. Wazazi themanini na wawili leo.

Jumanne, 25 Juni

Mvua haikukatika. Nimemwuliza mume wangu, kama bati la ukumbi litapiga kelele kesho, kengele za simu zitasikika kweli? Akasema saa ikisimama yeye huiweka sikioni kwanza, ndipo anaifungua. Sijui alinijibu au alikuwa anaongea na saa. Nimemwachia chakula mezani, nikaenda kulala na hasira zangu.

Jumatano, 26 Juni

Niandike polepole, nisiache kitu.

Asubuhi mawingu yalikuwa yametanda lakini bati lilikuwa kimya. Saa tatu ukumbi ulijaa, watu wakasimama mpaka barazani. Mkuu alifurahi jamani, uso wote meno. Akamwambia Afisa Elimu, "Mheshimiwa, hii ndiyo nguvu ya programu." Afisa ni mama mtu mzima, mnene, mwenye tabia ya kuandika kila kitu. Akaandika. Mimi nilikuwa meza ya mbele nachukua muhtasari, muhuri wangu mkobani.

Mkuu akaonyesha ukutani, kwa projekta, asilimia tisini na sita. Akaeleza vizuri, na mengine yalikuwa ya kweli. Alimtaja hata yule dereva wa lori. Kisha akasema, "Sasa tutume ujumbe, nyote mpokee hapa hapa, Mheshimiwa asikie."

Miwani, vidole juu ya vitufe, akauliza, "Wa kawaida au wa dharura, mwalimu? Wa dharura unalia hata simu ikinyamazishwa."

"Wa dharura! Tusikie wote."

Akabonyeza.

Ukumbini zililia simu kama ishirini hivi. Wenye nazo wakaangalia vioo, wakatabasamu. Wengine wote, watu zaidi ya mia tatu, wakatazamana. Mkuu akainua mkono kana kwamba sauti inachelewa njiani.

Ndipo tukasikia. Ilitoka ng'ambo ya uwanja, madarasani. Kwanza chache, kisha zote, kengele mia kwa mia zikilia ndani ya mabegi, chini ya madawati, chooni, moja hata kwenye mti wa uani ambako mtu alikuwa ameificha. Tukasikia walimu wa zamu wakipiga kelele na viti vikianguka. Haikukoma, maana ya dharura haikomi mpaka aliyeishika aizime, na nani angethubutu kuonekana ameishika?

Fundi bomba alisimama juu ya benchi, sikio amelitega dirishani. "Ile pale, inayokwaruza! Simu yangu ile! Nimeitafuta tangu Mei!"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Afisa Elimu aliweka kalamu chini. Mkuu alisimama chini ya ile asilimia tisini na sita, na mwanga wa projekta ulikuwa umemwandika tisa shavuni. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo tangu dirisha langu lipigiliwe misumari, na ilipofika sikuifurahia kama nilivyodhani.

Kengele zilipotulia mama Rula akainuka. Alikuwa na aproni ya kazi, ametoroka zamu. Hakusubiri kuruhusiwa.

"Mimi ni mfua nguo. Simu yangu ni hii, ya vitufe. Mwanangu aliandika ukweli kwenye fomu yenu, akaomba mnipigie. Hamkunipigia. Mkanitumia kitu kisichosomeka, nikakaa kimya, mkaandika nimekubali arudie mwaka. Sikuulizwa. Sasa najibu. Sikubali."

Mkuu akajikohoza. "Mama, tumekusikia, suala lako litashughulikiwa kwa utaratibu..."

Nikasimama. Sauti ilikuwa yangu ile ya dirishani, ambayo imewahi kushinda mvua. "Mwalimu, hukusikia. Mrudishie."

"Karani, kaa chini."

"Nitakaa. Mrudishie alichosema."

Nikadhani atanifukuza pale pale, na nilikuwa tayari. Alimtazama Afisa, Afisa akamtazama tu. Akamtazama mama Rula, na nadhani kwa mara ya kwanza aliuona ule mkono.

"Amesema," akaanza. "Amesema hakuulizwa. Mtoto aliandika ukweli. Na yeye hajakubali."

"Umepatia," nikasema, nikatoa muhuri mkobani, nikagonga muhtasari.

Ijumaa, 28 Juni

Jana Afisa Elimu aliagiza wazazi wa wale kumi waulizwe kwa mdomo, mmoja mmoja, na kwamba mtoto asiulizwe nani alishika simu ya nani. Saba katika wale tisa wamesema hapana. Mmoja ni mjane wa marehemu: "Hapana, na baba yake angesema hivyo hivyo." Wawili wamekubali, akiwemo fundi bomba, anayetaka mwanawe arudie mpaka simu imtoke kichwani.

Orodha imeondoka leo saa sita. Nimeichapa mwenyewe. Jina la Rula ni la ishirini na tatu, na nimelisoma kwa sauti kabla ya kufunga bahasha.

Baadaye Mkuu alikuja akakaa kwenye kiti cha Miwani. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. "Ulijua tangu lini?"

"Tarehe kumi na tatu Mei."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinifungia dirisha."

"Hiyo si sababu."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikashindwa, maana alikuwa amesema kweli. "Si sababu," nikasema. "Mama Rula nimemwomba radhi. Wewe bado."

Akaguna, karibu acheke. Akaniambia programu itabaki, lakini kila namba itaandikwa upya, mzazi akiwa amesimama mbele yetu na simu inalia mkononi mwake, na asiye na simu ya namna hiyo apigiwe au asubiriwe. Nikauliza wataandikishwa wapi. Akatazama dirishani, akasema atafikiria. Barua ya stoo hakuitaja, wala mimi sikumwuliza.

Jumatatu, 1 Julai

Siku ya saba. Safari hii nimehesabu kwa saa, si kwa vidole. Saa moja na nusu nimeitoa ile barua, nimejisomea kwa sauti, nimejirudishia mwenyewe. Chini yake nimeandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa kama za yule marehemu: HAPANA. Nikagonga muhuri, nikatembea hatua zangu kumi na mbili, nikaiweka mezani kwake kabla hajavua koti.

Kisha nikafungua dirisha. Jua kali, na foleni imefika barabarani. Miwani amesogeza kiti chake kando yangu na kisahani chake mwenyewe cha maganda. Wa kwanza alikuwa mama Rula na simu yake ya mpira. Miwani akaipiga. Ikalia.

"Unapatikana kwa namba hii?" nikamwuliza.

"Napatikana," akasema, akaweka kiwiko chake chenye kovu juu ya kibao.